Ukungu Mezani

Ilikuja kwa mkokoteni kutoka Kuze,
miguu juu kama mbuzi wa hitima,
na Bi Zuwena nyuma yake akiihesabia makosa:
duara jeupe la birika
lililowekwa bila kitambaa usiku wa matanga,
mikwaruzo miwili ya mkasi wa kushonea,
na huo ukungu, fundi, huo ukungu wote,
kama jicho lililoingia mtoto.

Nikamwambia, huu si uzee.
Ni masika yaliyopenya chini ya lakiri
yakakosa njia ya kutokea.
Akauliza, "Siku ngapi?"
Nikamjibu kama alivyokuwa akijibu marehemu Fundi Mselem:
"Muulize jua."

Asubuhi, kabla Makadara haijaamsha vumbi lake,
naanza na ukungu.
Donge la pamba ndani ya melimeli kuukuu,
spiriti kidogo, kidogo kuliko unavyodhani,
kitambaa kinuse tu, kisilewe.
Nakipitisha juu yake
kama mtu anayempepea mtoto aliyelala.
Ukungu hukataa. Halafu husogea. Halafu haupo,
na mkangazi unatoka chini yake, mwekundu,
chai ya rangi ndani ya gilasi.

Duara lina shingo ngumu.
Duara lataka mafuta na majivu ya sigara,
nami sivuti,
kwa hiyo Kombo wa baiskeli hunitunzia yake
katika kifuniko cha kopo la maziwa.

Na mkwaruzo haufutiki, hujazwa:
tone la lakiri kwa ncha ya brashi, likauke,
tone jingine, likauke,
mpaka bonde lilingane na ukingo,
kisha msasa uliochakaa,
ule ambao seremala ameshautupa.

Usisimame.
Mkono uingie ukitembea, utoke ukitembea.
Ukisimama, kitambaa kinanata
na ngozi ya juzi na jana inang'oka nacho.
Wala usiguse. Lakiri mbichi ni amana ya watu,
alisema Fundi Mselem, rula mkononi.
Mara tatu niligusa.
Mara tatu viganja vyangu vilipata habari.

Siku ya nne niliipindua meza
nipake ubavu wa chini, usioonwa na mgeni,
nikaona kidole.
Kidole gumba, kipana, kovu la patasi katikati,
kimezama ndani ya lakiri
miaka thelathini na kitu,
mistari yake yote mizima.
Lile kovu nalijua.
Lilikuwa likinishika sikio.

Kumbe nawe uligusa, mwalimu!
Uligusa, ukatazama huku na huku,
ukaisimamisha meza kwa miguu yake,
ukanyamaza.

Nilicheka peke yangu mpaka Kombo akaja kuchungulia.
Spiriti ilikuwa mkononi.
Mpito mmoja tu, na pale pangekuwa maji matupu.
Nikakumbuka hesabu ya Bi Zuwena:
duara, mikwaruzo, ukungu.
Kidole hakimo. Sikulipiwa.
Nikarudisha kizibo.

Alhamisi alikuja kuichukua.
Aliinama, akajiona usoni mwa meza,
akaurekebisha mtandio,
akasema mashallah, akakata mia tano kwenye malipo.
Kisha akatoa mkobani plastiki ya maua,
mpya, ina mikunjo ya dukani bado,
akaitandika pale pale, akaipapasa kwa viganja,
"isije ikaharibika."

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.
Chini ya plastiki unyevu hauna pa kwenda,
fundi yeyote atakwambia.
Masika ya mwakani mkokoteni utakata kona ile ile,
miguu juu,
nami nitakuwa nimeshamwomba Kombo majivu.